Shibiri ya Mpimaji

Kabla hujamaliza kumwambia shikamoo, macho yake yalikuwa yamekwisha kukipima kichwa chako. Yalipanda kutoka kidevuni hadi utosini, yakashuka shingoni, yakatua mabegani na kukaa hapo kidogo kama mtu anayejumlisha hesabu. Ndipo aliposema, "Marahaba." Kama ulikuwa mtoto, au mtu wa karibu, aliongeza, "Lete kichwa." Uliinama. Aliweka kidole gumba katikati ya paji la uso wako, akautandaza mkono mpaka kidole kidogo kikafika mwisho wake, akauhamisha nyuma ya sikio, shibiri baada ya shibiri, mpaka akarudi alikoanzia. Alitaja jibu kwa sauti ya chini, akakuachia, akaanza habari za mvua.

Sisi watoto tulimwita Babu. Watu wazima pale Nyamwaga walimwita Mpimaji, hata mbele yake, naye aliitika bila kinyongo. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, hayo wengine watayaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nilipopata akili nilimkuta tayari ni mzee, jirani yetu wa upande wa migomba, mwenye fimbo ndefu na kofia ya pama iliyokuwa haitoki kichwani. Nimeuza dawa za mifugo sokoni kwa miaka mingi sasa, na nimeona watu wengi wanaojifanya wanajua ng'ombe. Yeye hakujifanya. Alijua, na alijua kwamba anajua, na hilo la pili lilikuwa linachosha kidogo.

Kwake kila kitu kilikuwa na kichwa. Jembe lina kichwa, msumari una kichwa, kijiti cha kiberiti kina kichwa, na nyumba kichwa chake ni paa. Jembe lenye kichwa kikubwa kuliko mpini wake, alisema, litamuua mwenye shamba kabla ya magugu. Msumari wenye kichwa kidogo utapita kwenye bati kama sindano na upepo utaondoka na paa lako. Watu wenye kazi zao nzuri walipoanza kujenga nyumba zile za paa refu la msauzi, alisimama barabarani mbele ya mojawapo, nyumba ya mtu na heshima zake, akaitazama muda mrefu huku mwenyewe akisubiri kusifiwa.

"Nyumba nzuri," akasema. "Imevaa kofia ya kaka yake."

Mwenye nyumba hakumsalimia kwa muda. Mpimaji hata hakugundua kwamba amenuniwa, kwa sababu yeye alikuwa amesema tu alichokiona, kama vile mwingine angesema leo kuna mawingu.

Alikuwa na marafiki huko upande wa Serengeti, Waikoma, na mara moja walimchukua kwenda kutazama wanyama. Alirudi na habari za kutosha mwaka mzima. Twiga, alisema, Mungu alipofika kichwani udongo ulikuwa umekwisha, akabandika kilichobaki. Nyumbu hakumpenda kabisa. "Kichwa kizito mbele, nyuma hakuna kitu. Nyumbu mimi nisingemtoa mahari hata kwa paka." Ila kiboko alimheshimu, na kiboko ndiye aliyekuwa jibu lake kwa yeyote aliyetaka kulinganisha ukubwa wa kichwa na akili. Mgeni mmoja, mtu msomi kidogo, alimsifia mtoto wake mbele yetu, kwamba ana kichwa kikubwa na bila shaka atafika mbali. Mpimaji alikipima kichwa cha yule mtoto kwa upole, akamrudishia baba yake. "Kichwa ni chungu," akasema. "Mimi napima chungu. Kilichopikwa ndani muulize mama yake. Kiboko angekuwa waziri."

Nilimpenda kwa hilo, maana mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa kichwa kikubwa. Wenzangu waliniita Kichwa, na yeye pia aliniita hivyo mpaka mwisho, ila kinywani mwake lilikuwa jina tu, halina sumu.

Wakati ule cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha watu wa mjini. Mwaka wa kuandikishwa ulipofika tulipangwa mstari mbele ya ofisi ya shule, na mwalimu alipita akitwambia tuinue mkono wa kulia, tuupitishe juu ya kichwa, tushike sikio la kushoto. Aliyelishika aliingia darasa la kwanza. Aliyeshindwa alirudi kuchunga. Mimi vidole vyangu viliishia juu ya nywele, katikati ya njia. Nilijinyonga shingo, nikasimama kwa vidole vya miguu, nikajaribu kuliinua bega kulifuata sikio. Mwalimu alicheka, si kwa ubaya, akasema, "Wewe rudi mwakani." Wenzangu wote wa mtaa wetu waliingia. Nililia njia nzima.

Mama alinikuta nimekaa kwenye migomba, nimeng'ang'ania kuuvuta mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto ili urefuke. Hakujua la kufanya, akanipeleka kwa Babu. Alinipima kichwa, akanipima mkono kutoka begani hadi ncha ya kidole, akaanza tena.

"Huyu hana ugonjwa," akamwambia mama. "Kichwa kimetangulia. Kwa mtoto kichwa ndicho hutangulia, mkono ni mvivu, unakuja nyuma unapiga stori njiani. Mwachie mwaka mmoja."

"Na kichwa kikizidi kukua, Babu?" niliuliza mimi mwenyewe, kwa hofu ya kweli.

"Kichwa kina mwisho. Ukishakuwa mtu mzima hakikui tena hata unywe uji wa kijiji kizima. Kinachokua baada ya hapo ni maneno."

Mwaka uliofuata nililishika sikio mpaka nikalikunja. Kuanzia hapo akawa ananipima kila tulipokutana baada ya muda mrefu, kama mtu anayetazama mti alioupanda. Nilipokuwa msichana mkubwa kichwa changu kilifika shibiri mbili na nusu, na hapo kikasimama kama alivyosema. Niliolewa, nikazaa, nikafungua duka, nikanenepa na kukonda na kunenepa tena. Kila nilipokwenda kumwamkia aliniambia nilete kichwa, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. "Mbili na nusu," alisema, akaridhika, kana kwamba dunia imetunza ahadi yake.

Yeye lakini hakuna aliyempima. Hapo ndipo ulipokuwa ukaidi wake. Alinyoa mwenyewe, nyumbani, bila kioo, na alitoka na kofia. Marehemu mkewe, tuliyemwita Bibi, mama mcheshi mwenye kichwa kikubwa kuliko wanawake wote wa Nyamwaga, alitusimulia kwamba aliwahi kumzungushia kipande cha kitenge kichwani alipokuwa amelala mchana. Mzee aliamka, akaketi, akakitazama kile kitenge kama nyoka. "Mpimaji hapimwi," alisema, na hakula chakula cha mchana. Bibi alicheka kila alipoisimulia. Alisema pia kwamba mumewe hakumpima yeye kabla ya kumuoa, kwa sababu aliogopa jibu.

Kitu kingine alichokataa ni maiti. Aliwahi kuitwa akapime marehemu kwa ajili ya jeneza, kwa kuwa fundi alikuwa amesafiri. Alikwenda, akatoa pole, akaketi na wafiwa mpaka mwisho, lakini mkono hakuutoa. Alisema kipimo ni cha vitu vinavyoendelea.

Lakini haya yote yalikuwa mazungumzo ya barazani. Kazi iliyompa jina ilikuwa zizini.

Kwetu binti haondoki kwa maneno matamu. Ng'ombe wanatangulia, na kabla hawajatangulia, baba yake na watu wake wanakwenda kwa upande wa kijana kuwaangalia zizini, mmoja mmoja. Siku hiyo ndiyo inayoamua. Ng'ombe mbovu wakipokewa, binti atasimangwa kwa ajili yao huko alikoolewa mpaka azeeke, na kaka zake nao watakosa cha kuolea. Kwa hiyo kila familia ilitaka kwenda na mtu mwenye jicho, na hapa kwetu jicho lilikuwa la Mpimaji. Hakuchukua kitu kwa kazi hiyo zaidi ya kula na wenzake.

Wengine walifungua midomo ya ng'ombe wakahesabu meno. Yeye alianza na kichwa. Alipima kwa shibiri kutoka katikati ya pembe hadi puani, kisha akaisimamisha fimbo yake kando ya bega la mnyama. Fimbo ilikuwa na alama aliyoichonga mwenyewe ujanani. Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, akiwa na kichwa cha shibiri mbili, mgongo wake ulitakiwa ufike kwenye alama. Kichwa kikizidi hapo na mgongo haujapita alama, Mpimaji alirudi nyuma hatua moja na kusema neno moja tu: "Amedumaa."

"Meno yanakwambia umri," alimweleza baba yangu. "Kichwa kinakwambia kama umri huo ulilishwa. Mwili ukikosa majani unasimama. Kichwa hakisimami, kinaendelea na safari peke yake."

Niliona mwenyewe kwamba si porojo. Kuna watu walilambisha mitamba wao chumvi usiku kucha, asubuhi wakawapeleka kwenye maji, nao wakanywa mpaka wakafura. Kila mtu aliyewaona alisifu matumbo. Mpimaji hakuyatazama matumbo kabisa. Alipima vichwa, akasimamisha fimbo, akasema wale mitamba walikosa maziwa utotoni. Kufikia jioni, maji yalipokwisha kutoka, mbavu zilianza kuonekana zenyewe.

Dukani kwangu nauza utepe wa kumzungushia ng'ombe kifuani, unaokuonyesha kilo zake. Aliushika siku moja, akaugeuza pande zote.

"Unapima kifua?"

"Ndiyo, Babu. Unakupa uzito."

"Wa ng'ombe aliyekunywa maji asubuhi hii?"

Nikageuka kupanga chupa za dawa.

"Uza tu, Kichwa," akaniambia, akiurudisha mahali pake kwa adabu. "Watu lazima wanunue kitu."

Alipofiwa na Bibi tuliona amelainika. Zamani alipokea kikombe kwa mkono mmoja, kama mzee anayejua nafasi yake. Sasa alikipokea kwa mikono miwili, hata kutoka kwa mkwe wake mdogo, nasi tukasema uzee umemfundisha unyenyekevu. Fimbo nayo aliishika muda wote, haikumtoka mkononi hata akiwa ameketi. Na alianza kushangaa kwamba vitu vimekuwa vikubwa. Maboga ya siku hizi yana vichwa, alisema. Akina mama wakajibu kwamba ni mbegu za kisasa. Watoto wa siku hizi nao, alisema, wanazaliwa na vichwa ambavyo zamani ungeviona kwa watu wazima. Sisi tukakubali kwa nguvu zote. Mmoja akasema ni uji wa lishe, mwingine akasema ni kliniki, mimi mwenye duka nikasema ni dawa za minyoo. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake. Hakuna aliyeomba kuuona mkono wake.

Ndipo likaja suala la Bhoke.

Bhoke ni mdogo wangu wa mwisho, yule ambaye mama alimzaa tulipodhani amekwisha kufunga duka. Alimpata kijana wa Susuni, mkulima mtulivu, aliyewahi kuchimba dhahabu kidogo kule Nyakunguru akaona bora shamba. Walipendana kwa namna ambayo hata baba, asiyesifu kitu, alisema, "Wale wanasikilizana." Mazungumzo yalikwenda vizuri. Ikabaki siku ya zizi. Baba alikwenda Susuni na kaka yangu Marwa, na katikati yao alikuwa Mpimaji na fimbo yake.

Walirudi mapema mno. Nilikuwa nyumbani nikimsaidia mama kupika, nikaona baba anapita moja kwa moja kwenda kuketi nyuma ya nyumba. Marwa ndiye aliyetueleza.

"Amewakataa," alisema. "Karibu wote. Kila anayempima, amedumaa, amedumaa. Mimi nawaona wazuri tu, manyoya yanang'aa. Lakini ni Mpimaji, nitasema nini?"

"Na baba wa kijana?" mama akauliza.

Marwa akaketi kwanza. "Alimwita Mpimaji baba kwa lugha yetu, 'Tata, hao ng'ombe nimewalea pamoja na watoto wangu. Maziwa waliyokunywa watoto ndiyo waliyoachiwa ndama. Ukisema ng'ombe wamedumaa, umesema na watoto wangu wamedumaa.' Akafunga zizi. Hakutukaribisha hata chai."

Wiki hazikupita nyingi, ujumbe ukaja. Mzee wa Susuni hataleta ng'ombe wengine, hata mbuzi. Mavuno yakiisha na sisi tukiwa na msimamo uleule, ng'ombe walewale watakwenda kwingine, kwa watu wenye macho. Na kijana, ambaye kwa baba yake si mtu wa kubisha, atakwenda nao.

Bhoke hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alifanya kazi zote, akajibu alipoulizwa, na chakula alikisogeza pembeni. Nikamwambia baba niende Susuni na utepe wangu, niwapime wale ng'ombe, tujue moja. Baba alinitazama kama nimetukana.

"Mpimaji amewatazama ng'ombe walioniolea mama yako," alisema. "Amewatazama waliokuja kwa ajili yako. Hajawahi kukosea. Nikipeleka utepe baada yake, sijapima ng'ombe. Nimempima yeye."

"Kwa hiyo Bhoke ndiye atakayepotea."

"Usinifundishe uchungu wa mtoto wangu," akasema baba, na sauti yake ikakatika. Nikaona kwamba naye halali.

Nikaamua kwenda mwenyewe kumwomba yule mzee. Nilifunga duka, nikabeba sukari na majani ya chai, nikapita kwenye migomba. Mahindi yalikuwa yamekwisha kukauka mashambani, watu walikuwa wameanza kuvuna. Nilimkuta nje ya nyumba yake anapukuchua. Nilimwamkia, akaitikia, akapokea mfuko wa sukari kwa mikono yote miwili.

"Umekuja kwa ajili ya mdogo wako," alisema.

"Ndiyo, Babu."

"Mimi simzuii kuolewa. Yule kijana nimemwona, ni mtu. Lakini sitamtoa Bhoke kwa ng'ombe wenye njaa ya utotoni. Hao hawatazaa vizuri, na wasipozaa atasimangwa yeye. Unajua watu."

"Hawana njaa, Babu. Marwa kasema wananawiri."

"Marwa anatazama manyoya." Akaendelea kupukuchua. "Kichwa hakidanganyi. Yule mwekundu nilimpima mara tatu kwa sababu nilitamani nikosee. Kichwa shibiri mbili na nusu, mgongo kwenye alama. Nilifurahi, unadhani? Bhoke nilimpima akiwa na siku chache duniani."

Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huruma, kwa sababu niliona anampenda kweli na upendo huo ndio unaomnyima mume. Sikuwa na hoja nyingine. Nikafuta uso kwa kilemba changu, nikasimama kuaga. Na yeye, kwa mazoea tu, nadhani pia kwa kunibembeleza kama nilipokuwa mtoto, akasema, "Lete kichwa."

Niliinama. Kidole gumba kikatua kwenye paji la uso, mahali pale pale. Mkono ukazunguka. Ulichukua muda kuliko nilivyozoea.

"Tatu," akasema.

Sikuelewa mara moja. Kisha akaanza tena kutoka mwanzo, polepole, akikandamiza kila kidole.

"Umesuka?"

"Nimenyoa, Babu. Tazama." Nilikuwa nimeshika kilemba mkononi.

"Una homa? Umevimba mahali?"

"Hapana."

Akaushusha mkono. Aliuweka gotini, kiganja juu, akaniambia niweke wangu kando yake. Nikachuchumaa, nikauweka. "Tandaza," akasema. Wangu ukatandazika. Wake ulibaki nusu, vidole vimekunjika kuelekea ndani, kidole gumba kimeganda upande wake. Alijaribu kuvilazimisha, mishipa ikasimama shingoni, na havikuenda popote. Vilikuwa vimejikunja kidogo kidogo kwa miaka, vikiwa vimezunguka ile fimbo, na sisi sote tulikuwa tunakula naye, tunampa vikombe, tunasifu unyenyekevu wake.

"Kichwa cha mtu mzima hakikui," alisema.

"Ndiyo, Babu."

"Basi ng'ombe hawakudumaa."

Nilikuja pale nikitaka kusikia maneno hayohayo, na nilipoyasikia sikuona furaha niliyoitegemea. Nilimwonea huruma. Alikuwa amekaa anautazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Maboga pia," akasema. "Na watoto wa siku hizi." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na sauti. "Nanyi mkawa mnanipa sababu."

Nikamshauri ujinga. Nilimwambia hakuna haja ya watu kujua. Arudi Susuni na baba, awapime tena, aseme mvua zimekuwa nzuri na ng'ombe wamejaza mwili. Wazee watapokea, Bhoke ataolewa, na jina lake litabaki.

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona Mpimaji wa zamani.

"Wewe Kichwa. Nimemwambia mtu zizini kwake kwamba hakuwalisha wanyama wake. Sasa nirudi nimwambie amewalisha mwezi huu? Huo utakuwa uongo juu ya kosa la kwanza." Akaichukua fimbo yake. "Mwite baba yako."

Yaliyotokea Susuni nilisimuliwa na Marwa, aliyeyasimulia kwa watu wengi baadaye. Mpimaji hakungoja kukaribishwa. Alisimama mlangoni mwa zizi, akaitoa fimbo mkononi, akaunyoosha ule mkono mbele ya mzee mwenzake.

"Kabla ya ng'ombe, pima huu," alisema. "Nilikuja hapa nikasema kwako kuna waliodumaa. Yupo mmoja kweli. Ndiye huyu."

Baba wa kijana alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi ukakosa pa kushika. Aliutazama ule mkono. Marwa anasema aliushika, akajaribu kuufungua taratibu kama anavyofungua mtu mkono wa mtoto aliyelala, akaona haufunguki.

"Tata," alisema, "unaumwa na hukusema."

"Sikujua."

Wakaketi. Chai ikaja, na baada ya chai ugali wa mtama na nyama, na ng'ombe hakuna aliyewapima tena siku hiyo. Baba yangu aliwapokea kwa macho.

Ng'ombe walifika kwetu mahindi yakiwa bado yameanikwa uani. Walikuja wamejaa njia nzima, yule mwekundu mbele, na vijana wakipiga mluzi nyuma yao, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakajificha. Bhoke alikuwa ndani, kama inavyotakiwa, lakini nilipoingia kuchukua maji nilimkuta ameweka jicho kwenye ufa wa dirisha, anacheka peke yake.

Mpimaji alikuja amechelewa, kupitia migomba. Watu walimpisha kama zamani, ila walipompisha waliuangalia mkono, na yeye aliwaacha wauangalie. Hakwenda zizini kwanza. Alinifuata nilipokuwa nachota maji kwenye pipa, pembeni ya jiko, mahali pasipo na watu. Nikamwamkia. Nikainama kwa mazoea, nikisubiri. Hakuna mkono uliokuja.

Nilipoinua macho alikuwa amevua kofia. Sikuwahi kumwona hivyo maisha yangu yote. Kichwa chake kilikuwa kidogo, cheupe kwa mvi fupi alizozinyoa vibaya upande mmoja, kitupu kama cha mtoto aliyetoka kuoga. Nikaelewa kicheko cha Bibi, na ningetoa kitu kikubwa awepo siku ile.

"Pima," akasema, akainama.

Mikono yangu ilikuwa na maji. Niliifuta kwenye kitenge, nikaweka kidole gumba kwenye paji lake la uso, nikatandaza mkono. Ngozi ilikuwa ya moto kwa jua. Nilizunguka nyuma ya sikio, nikapita kisogoni, nikarudi nilikoanzia, naye alikuwa ametulia, amefumba macho.

"Ngapi?"

"Mbili na nusu, Babu."

"Kwa mkono wa nani?" akauliza, bado ameinama.

"Kwa mkono wangu."

"Basi sema hivyo," akaniambia. "Siku zote sema hivyo." Akavaa kofia, akashika fimbo, akaenda kuwaona ng'ombe wa Bhoke.